Siku Mbili za Kumngoja Bwana Mtondo

Saa moja asubuhi, maji yamekupwa na matope ya mkondo yanang'aa. Bi Zuleha Mwinyijuma amepandisha kanga hadi magotini, beleshi begani. Mbele yake, juu ya tuta, wamesimama wafanyakazi kumi na tisa.

"Leo tunachimba mfereji wa bwawa la pili, kuanzia kigingi chekundu. Haya, Mrisho, nimesema nini?"

Mrisho, mchomaji vyuma aliyetoka Tabora, anarudia neno kwa neno.

"Kwa maneno yako, si yangu!" anamkata. "Kasuku ninaye nyumbani."

Wenzake wanaangua kicheko. Mrisho anaeleza upya, na ndipo kazi inaanza.

Hivi ndivyo siku inavyofunguliwa katika mradi mpya wa chumvi, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Utaratibu huo ulizaliwa na balaa la miezi mitatu iliyopita.

Bi Zuleha, mama wa watoto watano, aliokota chumvi ufukoni na mama yake tangu utotoni. Mradi ulipoanza mwaka jana, 1972, alipewa usimamizi kwa kuwa anayajua maji. Tuta likajengwa, likaachwa pengo la kuwekea lango la chuma la kuzuia bahari.

Jumatatu moja ikaja habari: lango limekwama ng'ambo, haijulikani litafika lini. Na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yalitazamiwa alfajiri ya Ijumaa. Yangepita penye pengo na kulibomoa tuta zima. Mradi ungefungwa, na vibarua wote kumi na tisa wangerudi makwao mikono mitupu.

"Sikuwa na nafasi ya kulia," anasema. "La chuma halipo, basi tutengeneze la mbao."

Alimchukua Hija, fundi wa mashua, wakaenda Makurunge kutafuta mbao. Kabla ya kuondoka alimwagiza Mrisho aunge fremu kwa vyuma chakavu. "Mtondo, lango lisimame," akamwambia. Kwa watu wa pwani, mtondo ni siku inayofuata kesho kutwa. Alikusudia Alhamisi.

Alirudi Jumatano adhuhuri na mbao kwenye lori. Vyuma vilikuwa palepale. Mrisho na wenzake wamekaa kivulini.

"Fremu iko wapi?"

"Tunamngoja Mtondo, mama."

"Nani?"

"Bwana Mtondo. Ulisema Mtondo, lango lisimame. Tukajua ndiye fundi wake. Hata chai tumemwekea."

Hija alicheka mpaka akakaa chini. Bi Zuleha hakucheka.

"Nilitamani kumrushia beleshi," anakumbuka. "Kisha nikawahesabu. Kumi na mmoja wametoka bara. Kosa langu. Niliagiza, nikageuka, nikaenda zangu."

Ilibaki siku moja. Watu wa bara wakapangwa pamoja na wa pwani. Mrisho akaunga fremu, Hija akapigilia mbao na kuzitia kalafati: pamba iliyolowa mafuta ya papa, ikasindiliwa kwenye nyufa kama afanyavyo kwenye mashua. Alhamisi alasiri lango likasimama. Alfajiri maji yalipanda hadi shibiri moja chini ya ukingo, yakasita, yakarudi.

"Lilivuja," anakiri. "Hata mtungi mpya huvuja. Lakini tuta lilikaa."

Tangu hapo vibarua tisa wameandikwa kazi ya kudumu, Mrisho akiwamo. Kumi bado wanalipwa kwa kutwa, na siku ya mvua hawapati kitu. Wameahidiwa kuandikwa bwawa la pili likianza kutoa chumvi.

Masika iko wiki saba mbele. Bi Zuleha ameshapiga hesabu yake.

"Mfereji ukikamilika wiki hii, bamvua ijayo hatuizuii, tunaikaribisha. Tunayafungia maji bwawani, jua lifanye kazi yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, nataka hao kumi wakae barazani kwao, na siku yao ihesabiwe."