Msaragambo wa Mtu Mmoja

Devotha Mbwambo alimtoza bwana harusi jogoo asubuhi ya harusi yenyewe. Ni miaka kadhaa sasa, lakini hapa Suji tunaisimulia kama habari ya juzi. Bwana harusi, Zebedayo, alikuwa amekosa msaragambo wa kuzibua mfereji, akatuma udhuru kwamba siku hiyo anaoa. Devotha akamrudisha mjumbe na jibu kwamba ndoa ni ya maisha yote, mfereji ni wa asubuhi hii tu, na kati ya hivyo viwili ni wazi kipi kinaweza kusubiri. Jogoo akachukuliwa. Wageni wa upande wa bibi harusi walikula wali kwa maharage wakidhani ndiyo mila yetu, na kwa adabu zao wakaisifu.

Kwa asiyetufahamu, msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Watu wanapanda kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mlimani, wanatoa tope na kuziba mianya, kisha kila shamba linapata zamu yake ya maji. Asiyekuja anatozwa kuku. Siku zake ni za katikati ya wiki, kwa sababu Suji Mungu amepewa siku mbili, Jumamosi ya Wasabato na Jumapili ya wengine, na hakuna upande uliowahi kuazima ya mwenzake.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Devotha. Ndiye anayeita majina. Amekwisha kukataa udhuru wa jino, wa ng'ombe anayezaa, na wa mume aliyerudi kutoka Dar bila taarifa. Kauli yake inajulikana mpaka Makanya: aliyekufa ndiye mwenye ruhusa, na hata yeye atume mtu. Wapare tunasingiziwa kwamba mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku. Si kweli, huwa tunaanza na mbuzi. Ila kwa Devotha hakuna aliyewahi kufika hata hatua ya mbuzi.

Mwanamke huyo ndiye aliyealikwa kupanda meli.

Mwaliko ulitoka kwa Irine, mtoto wake wa pekee. Irine alijifunzia kuoka jikoni kwa mama yake, kwenye sufuria lenye makaa juu na chini. Baadaye akapata kazi kwenye hoteli moja Arusha, na kutoka hoteli akaingia meli ya watalii, ambako anaoka mikate kwa watu wengi kuliko wakazi wa kijiji chetu, nao, kwa maelezo yake, hawaimalizi. Kisha korona ikaja. Meli zikasimama, wafanyakazi wakakwama kwenye bandari za watu, na zilipoanza tena kutembea Irine akaogopa kushuka asije akakosa pa kurudi. Devotha alikuwa hajamwona kwa miaka minne. Alikuwa na sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu, na picha moja ambayo Irine amevaa barakoa, yaani alikuwa na macho yake tu.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 sauti hiyo ikaleta habari. Meli itapita Mombasa. Kila mfanyakazi ameruhusiwa kumleta ndugu mmoja, asafiri naye hadi Shelisheli na kurudi. Masharti yalifuata kwa mwendo wa mtu anayesoma maonyo: kadi ya chanjo, siku kumi za kukaa mbali na mikusanyiko, na kipimo cha korona, kisichozidi siku mbili kabla ya kupanda. "Mama, wakikukuta nayo hupandi," Irine akamalizia. "Hapo hata wewe huwezi kubishana nao."

Devotha aliisikiliza mara ya kwanza amesimama na mara ya pili amekaa. Mara ya tatu akaiweka sauti ya juu, ili jirani asikie bila kulazimika kujificha nyuma ya migomba.

Siku iliyofuata alikuwa Same kwa Nassoro, ambaye duka lake karibu na stendi hununua maharage ya watu wa milimani upande mmoja, na upande wa pili hutoa fotokopi na kujaza maombi ya mtandaoni. Pasipoti Devotha alikuwa nayo tangu Irine alipoanza kazi, kwa kuwa alitaka kukutwa tayari. Chanjo alikuwa nayo kwa sababu siku ya chanjo foleni ilianza naye. Kilichobaki ni kipimo, na alikitaka leo.

Nassoro akamuuliza meli ni lini.

"Mwezi ujao."

"Mama Irine, hiki si cheti cha ubatizo. Kinachacha. Ukipima leo, hata mpakani Holili hakifiki."

"Kwa hiyo afya yangu ya leo hawaitaki?"

"Wanataka ya siku mbili za mwisho. Hiyo nyingine baki nayo."

Devotha, ambaye maisha yake yote ameyajenga juu ya kuwahi, alitembea hadi stendi. Alikuwa amekutana na jambo ambalo kuliwahi ni kosa.

Siku kumi zilipokaribia akatutangazia kwamba atajitenga, maana anakwenda kupimwa. Sasa, kijijini anayekwenda kupimwa ni mgonjwa. Siku ya kwanza ya kujitenga, uwanja wake ulijaa watu waliokuja kumpa pole ya kujitenga. Walileta makande, walileta mkungu wa ndizi, na mmoja alileta majani ya kujifukizia pamoja na blanketi lake mwenyewe. Devotha aliwafukuza wote akiwa juu ya jiwe, barakoa usoni, kwa sauti ambayo haikuwa ya mgonjwa.

Kuanzia hapo maongezi yote naye yakawa ya kupaziana sauti kutoka njiani, na kwa hiyo tukajua mambo ambayo kwa kawaida hutuchukua mwaka kuyachungulia. Tulijua gauni jipya lina rangi gani. Tulijua kwamba amemuuliza Irine kama melini wanaruhusu makande, na kwamba Irine alinyamaza kwanza ndipo akajibu. Jioni alikuwa anafanya mazoezi ya ngazi kwenye matuta ya shamba lake, akipanda na kushuka na begi mkononi, na watu waliokuwa na shughuli zao waliziacha wakaja kutazama kutoka mbali. Hata wale aliowatoza kuku walianza kusema "tunakwenda Shelisheli."

Zikiwa zimebaki siku chache, mvua ya usiku mmoja ikapiga. Haikuwa mvua ya kulimia, ilikuwa ya kuharibu. Kipande cha mlima kiliteremka kikakaa ndani ya mfereji, na kule juu kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, pakajaa mawe. Maharage yalikuwa kwenye maua. Wiki moja bila zamu ya maji na hakuna wa kuuza kitu kwa Nassoro. Pembe ikalia.

Tulikwenda wote, na tulikwenda mapema, maana kila mtu alitaka kuona kama mwenyekiti atakuja.

Alikuja. Alisimama mbali juu ya kichuguu, barakoa usoni, jembe begani, akaita majina kwa kichwa mpaka la mwisho. Kisha akataja lake mwenyewe. Akasema hawezi kuingia kati ya watu; mwanawe anamsubiri, na kipimo hakina huruma. Hakuomba ruhusa. Angetoa kuku kama mwingine yeyote, tena wawili, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti.

Ilikuwa haki kabisa na haikumpendeza mtu. Wapo waliosema asamehewe, safari ya meli si ya kila siku. Ndipo yule wa jino akasimama. Kama udhuru umeanza kukubaliwa, alisema, yeye anamdai kuku wake, pamoja na vifaranga ambavyo angekuwa ameangua tangu wakati ule, na vifaranga vya hao vifaranga. Hoja ilipokewa kwa uzito. Wawili watatu walianza kuhesabu vya kwao. Mfereji ulikuwa umeziba, jua linapanda, na Suji ilikuwa inaelekea mahakamani.

Macho yakamgeukia Zebedayo, kwa sababu ndiye katibu wa kamati siku hizi, na kwa sababu ya jogoo. Zebedayo akasogea mpaka umbali wa heshima.

"Shikamoo, Mama Irine."

"Marahaba. Sema, tunachelewa."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi huna ruhusa. Na kuku wako hatuwataki." Akanyoosha kidole juu mlimani. "Utakwenda banioni. Peke yako. Kule hakuna hata mtu wa kukupigia chafya."

Tukaguna. Banio hupelekewa vijana wanne, na vijana wenyewe hulalamika. Maji yake ni ya baridi inayopanda hadi kwenye meno. Devotha ana miaka sitini na kitu. Alilihamishia jembe bega la pili.

"Na yule jogoo?"

"Yule nilishasamehe," Zebedayo akasema. "Mama mkwe ndiye bado."

Devotha akageuka akaanza kupanda. Wa nyuma yetu wanasema waliona mabega yake yanatikisika, na kwa kuwa barakoa ilifunika mengine, kila mtu alichagua mwenyewe kama ni kicheko.

Tulifanya kazi chini na yeye juu, kati yetu mlima. Hatukumwona. Tulichokiona ni mfereji: kwanza unyevu, kisha tope, kisha majani na vijiti, na jua lilipokuwa limeinama, maji yenyewe, yakija kama mtu aliyekasirishwa. Vigelegele vilipanda mpaka vikatushinda sisi wenyewe. Baada ya muda likashuka jibu lake, nalo lilikuwa swali: nani anazembea hapo kwenye kona?

Kesho yake Devotha alipiga chafya.

Ilisikika kutoka njiani. Ikafuata nyingine. Zebedayo, kwa ushahidi wa mkewe, hakula siku hiyo. Alimtumia tangawizi, akamtumia malimau, akaishia kwenda kusimama njiani. Devotha alimwambia arudi nyumbani. Mafua ya maji baridi anayafahamu tangu Zebedayo hajazaliwa. Lakini wanaopita waliona kwamba jioni hiyo hakufanya mazoezi ya ngazi.

Siku ya kipimo akashuka mlima, akafika Moshi, kwenye kituo alichoandikiwa na Nassoro. Mhudumu wa afya, binti aliyeitwa Sabrina, alikuwa amevaa plastiki kutoka utosini hadi viatuni na alikuwa anauliza maswali bila kuinua kichwa. Je, siku kumi zilizopita umeshiriki mkusanyiko wowote? Devotha hajawahi kusema uongo mbele ya mtu anayeita majina.

"Msaragambo," akasema.

"Wa watu wangapi?"

Devotha akafikiri. "Mmoja."

Sabrina akainua kichwa. "Msaragambo wa mtu mmoja unakuwaje, mama?"

"Unakuwa mrefu."

Kijiti kiliingia puani mpaka mahali ambapo, anavyosimulia yeye, hakujua kama ni pake. Majibu yangetumwa kwa Nassoro, kwa kuwa barua pepe ni ya Nassoro. Meli ilikuwa inaondoka kesho kutwa. Yakichelewa, safari haipo, yakiwa mabaya, haipo vilevile.

Simu iliita kesho yake mchana, Devotha akiwa stendi ya Moshi amekalia begi lake. Nassoro ni mtu wa utaratibu. Alianza kusoma cheti kutoka juu: jina, jinsia, uraia.

"Nassoro, mwisho."

"Hapa kuna namba ya pasipoti, tuihakiki kwanza..."

"Nassoro."

"Huna, mama. Mafua yako ni mafua."

Wauza machungwa wa stendi wanaweza kuthibitisha kwamba mama mmoja wa heshima, mwenye gauni jipya, alinyanyua begi lake akacheza nalo. Sisi huku Suji tulipata habari kabla hajaliweka chini. Zebedayo akaomba chakula.

Devotha akachapisha cheti alichorushiwa na Nassoro, akavuka Holili, akapita Taveta na Voi, akikitoa mkobani kila penye mtu mwenye sare, wakiwamo wawili ambao walikuwa walinzi wa duka. Bandarini Mombasa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wakampima joto, wakakisoma cheti, wakakisoma tena, wakampisha.

Irine alikuwa juu ya ngazi, nguo nyeupe za jikoni, barakoa usoni. Devotha aliyajua macho kwanza. Mengine aliyapata alipofika. Walikumbatiana hapo hapo mlangoni, na foleni yote ya watalii ikasimama nyuma yao. Devotha, ambaye hajawahi kukubali watu wasubirishwe kwa ajili ya mtu mmoja, safari hii aliwasubirisha.

Yaliyofuata alitutumia kwa ujumbe wa sauti, na Zebedayo alitufungulia kwenye simu yake pale kwenye ndiva, majembe yakiwa yamelala. Meli, alisema, ni kubwa, na mikate ya Irine kweli haimaliziki. Lakini hilo silo alilotaka kutuambia. Kabla hata ya kung'oa nanga, honi kubwa ililia. Akamuuliza Irine ni nini. Irine akasema ni zoezi la hatari: abiria wote wanakwenda mahali pao kusimama, majina yanaitwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kukosa, hata awe tajiri wa namna gani.

Devotha alifika wa kwanza. Akaitika jina lake kwa nguvu mpaka mwita majina akashtuka. Wa mwisho alikuwa bwana mmoja mnene, amekuja kwa mwendo wa kutembelea bustani, taulo shingoni, glasi mkononi.

"Nikamuuliza Irine, huyu anatozwa nini?" sauti ikasema. "Akaniambia, mama, hatozwi kitu."

Kwenye simu ulisikika upepo.

"Zebedayo, nitarudi nikueleze vizuri. Ila huyo bwana nimekwisha kuongea naye. Kesho atawahi."