Majina ndani ya kompyuta ya mzee

Mzee wangu, yule alinioa, alikuwa karani huko Kitale. Alipostaafu akarudi nyumbani Kabuchai na kompyuta yake ya zamani. Nikamcheka. Wengine wanaleta mahindi, wewe unaleta sanduku ya stima. Programu inaendesha hiyo kitu, waliotengeneza waliiacha kitambo. Na brauza yake, ile ya kufungulia intaneti, siku hizi haifungui intaneti hata kidogo. Lakini kuna ukurasa moja mzee aliandika mwenyewe: majina ya watu wetu wote waliokufa, nani baba ya nani. Huo inafungua. Ukipeleka kwa kompyuta mpya, inatoa vibox tupu mahali pa herufi.

Mwaka jana mjukuu wangu akajifungua kijana, huko Kitale. Mtoto analia, analia tu. Hospitali wanasema ako sawa. Sisi huku kwetu tunajua: akilia hivyo, kuna mtu wetu alikufa anataka mtoto apewe jina lake. Unataja majina. Akinyamaza, hilo ndilo.

Mjukuu akapiga simu kwangu, nyanya yake, kukhu kwa lugha yetu. "Kukhu, fungua ile kitu ya babu."

"Nimefungua. Inazunguka."

"Si uzime uwashe tena?"

"Wewe, kaa chini. Hii si simu yako."

Hiyo brauza ikiamka lazima kwanza itafute intaneti. Haipati, inatafuta tu. Ukiishikashika inaganda. Mzee alikuwa anaingoja akikunywa chai. Mimi nilikuwa nakimbizana nayo, tunakosana. Sasa nikaketi, nikangoja mpaka ikachoka yenyewe, ukurasa ukatoka.

Nilifika darasa la pili tu, kwa hivyo nilisoma polepole, simu kwa bega. Jina la kwanza, mtoto analia. La pili, analia. Nikafika mwisho. Nikasikia mjukuu naye ameanza kulia.

Hapo ndio nikaona. Mzee aliandika waliokufa, na yeye wakati huo alikuwa hai. Hayuko kwa hiyo listi. Na mimi tangu tumzike sikuwa nimetaja jina lake kwa mdomo, nilikuwa nasema tu "mzee". Nikalitaja.

Huko kwa simu, mtoto akanyamaza.

"Kukhu," mjukuu akasema polepole, "sema tena."

Sisemi mtoto alisikia. Pengine alikuwa amechoka, bana. Lakini jina alipewa, na wakija kunitembelea, mimi naliita kutoka jikoni mpaka kwa shamba, hata kama hakuna kitu nataka.