Dawa ya Ng'ombe Katika Friji ya Shule

Kuna shule moja karibu na mji wa Nyamira ambayo siku hizi nikitaka kufika upande wa pili nazunguka kupitia mashamba ya chai ya watu, na mkiniuliza kwa nini, aibu inanirudia yote upya. Sikuiba na sikumgusa mtoto wa mtu. Nilisema dawa yangu ni ya ng'ombe. Ni maneno machache tu, niliyasema nikiwa nimeshika mlango wa friji, na yakanila.

Mimi mnanijua. Niliacha shule darasa la saba, nikachoma matofali Suneka, nikauza viatu vya mitumba Daraja Mbili, nikabeba mkoba wa daktari wa mifugo karibu mwaka mzima (hiyo ya mifugo muikumbuke), nikaendesha lori la ndizi, na kila mahali nilikuwa naondoka kabla watu hawajalizoea jina langu, kwa sababu nikishajua kazi inavyofanywa naanza kutaka kujua ile nyingine inafanywaje. Halafu nikapata kazi ya kuendesha gari la shule. Watoto ishirini na wanne, kila mmoja na njia yake ya udongo, na kila asubuhi lazima wa chekechea mmoja aniulize gari linakula nini. Kwa mara ya kwanza maishani nilinunua kitanda.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo nikaanza kunywa maji jagi zima kwa mkupuo na kukimbilia migombani kila nusu saa. Nikaenda kliniki mjini Kisii, muuguzi akanitoboa kidole, akaniambia ni sukari, na kwamba nitajidunga sindano asubuhi na jioni, nile kwa wakati, na nikifanya hivyo nitaishi vizuri. Mambo ya kuishi hata sikuyasikia. Nilikuwa nafikiria fomu.

Fomu yenyewe alikuwa amenipa Mwalimu Onchiri, mwenye shule. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha, na nikiirudisha naandikwa kazi ya kudumu, napata bima ya matibabu kama walimu, na jina langu linaingia kwenye bima ya gari. Swali la tisa: je, una ugonjwa wa sukari, kifafa au moyo? Ndiyo au hapana.

Nikaanza kuuliza watu, nikisema ni kwa ajili ya rafiki yangu. Mwenzangu wa mitumba akasema huyo rafiki akijaza ndiyo ajue ameandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu mmoja mstaafu akasema akijaza hapana na baadaye ijulikane, bima haitalipa hata panadol. Kinyozi akasema rafiki yangu anywe majani ya mti fulani chungu na swali litajifuta lenyewe. Nikaitembeza ile fomu kwenye mfuko wa shati mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na Mwalimu akiniuliza namwambia natafuta kalamu. (Kalamu. Shuleni.)

Na kuna hili, nitalisema kwa sababu ndilo linalonichoma kuliko yote. Asubuhi moja nikiwa na watoto garini mikono ilianza kutetemeka na barabara ikawa kama inaelea. Nikaegesha, nikala ndizi mbili, nikawaambia watoto nyamazeni nasikiliza injini. Wakanyamaza wote, wakaisikiliza injini pamoja nami.

Sasa friji. Chumba changu kilikuwa cha mabati, na muuguzi alisema dawa ikae baridi, kwa hiyo, ndoo ya maji iliponishinda, nikatia chupa na sindano zake kwenye kopo tupu la siagi, nikaliweka nyuma ya maziwa katika friji ya jikoni pale shuleni. Lilikaa siku nne. Siku ya tano nilifungua friji nisilione; Kwamboka mpishi alikuwa amelifungua, amenisubiri nalo mkononi.

"Mogaka, hii ni nini?"

"Ni dawa ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wewe huna hata kuku."

Ndipo nikalazimika kuuongezea uongo miguu. Nikamwambia nilifunzwa na daktari kule Suneka, kwamba wikendi bado naitwa kudunga ng'ombe wa watu, na Kwamboka akaniangalia kwa heshima ambayo hakuwa amewahi kuniangalia nayo, na kusema kweli heshima hiyo ilinipendeza. Kufikia chakula cha mchana jina langu lilikuwa Daktari. Mwalimu Onchiri naye akanisalimia Daktari, na mimi mjinga nikaitika.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Hema, viti vya plastiki, Mwalimu na kipaza sauti akieleza matokeo ya darasa la nne, wazazi wakipiga miayo. Mara akaja mwalimu mmoja wa darasa kumnong'oneza kwamba ng'ombe wa mama yake Mwalimu Onchiri amevunja ua akala majani mabichi ya viazi vitamu, tumbo limevimba, na amelala chini. Mama huyo wa Mwalimu sote tulimwita Magokoro, yaani bibi, na alikaa kwenye nyumba ya nyuma ya shule, na ng'ombe wake ndiye aliyetoa maziwa ya chai ya watoto. Ofisa wa mifugo alipigiwa, simu haikushika. Mwalimu akatabasamu, akawaambia wazazi kwa kipaza sauti kwamba wasiwe na wasiwasi, shule hii hata dereva wake ni daktari.

Wakapiga makofi. Nami nikainuka na kuinua mkono, kama mgombea wa udiwani.

Nusu ya wazazi walinifuata, maana ng'ombe anayekufa ni bora kuliko matokeo ya darasa la nne. Mpango wangu ulikuwa kumbonyezabonyeza tumbo, kutikisa kichwa, na kusema hii imefika mahali pa ofisa mwenyewe. Lakini Kwamboka alikuwa amekimbia jikoni, akatokea katikati ya watu akihema na lile kopo. "Daktari, umesahau dawa," akaniambia. (Simlaumu. Alitaka kunisaidia.)

Watu wote wakaangalia mkono wangu. Nikimdunga ng'ombe atakufa, nami nibaki bila dawa. Nisipomdunga wataniuliza kwa nini. Nikaamua nitachoma ngozi tu bila kubonyeza, nikaingiza sindano kwenye chupa, nikijifanya navuta dawa, na hapo fimbo ikanigusa kwenye kiwiko. Alikuwa Magokoro.

"Hiyo chupa umetoa wapi?"

Nikasema ni dawa ya tumbo la ng'ombe. Akainyakua, akaisogeza karibu na miwani, akaigeuza.

"Ya ng'ombe? Hii najidunga mimi, huu mwaka wa tisa. Na ndio maana zangu zinaisha haraka."

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Dereva anamwibia mgonjwa dawa. Anaiba ya bibi mzee akawauzie wenye ng'ombe. Baba mmoja akaanza kukunja mikono ya shati taratibu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayejiandaa kuchinja. Niliangalia ua, nikaona ni mrefu.

"Magokoro, hiyo si yako. Ni yangu. Mimi nina sukari."

"Si ulisema ni ya ng'ombe," Kwamboka akasema polepole, na kwa sauti hiyo nilijua nimempoteza pia.

"Kadi ya kliniki iko chini ya kiti cha gari."

Ikaletwa. Mwalimu aliisoma kimya, na nadhani angeikunja na kunirudishia, lakini Magokoro alimwambia asome kwa sauti naye asikie, maana herufi ni ndogo. Basi akasoma. Jina, ugonjwa, tarehe, dawa kiasi gani asubuhi, kiasi gani jioni. Kitu nilichokificha kwa wiki sita kilisomewa wazazi kama matokeo ya darasa la nne. Magokoro akanirudishia chupa.

Halafu mama mmoja, ambaye binti yake hukaa nyuma tu ya kiti changu, akauliza, wala hakupaza sauti:

"Kwa hivyo hizi wiki zote umebeba watoto wetu hivyo, na hakuna mtu alijua?"

Nikakumbuka zile ndizi mbili.

Na ng'ombe? Kwamboka alikuwa amerudi na mafuta ya kupikia, akayamimina mdomoni kwa chupa ya soda, wanaume wawili wakamsugua ubavu, akabeua beuo moja refu, akasimama. Mafuta ya kupikia. Yule daktari niliyembebea mkoba alifanya hivyo mbele yangu mara nyingi mno, na siku hiyo hayakunijia akilini hata kidogo.

Ofisini Mwalimu aliniomba ile fomu, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Akasema mama yake anaishi na sukari ndani ya nyumba yake, akaniuliza basi nilidhani yeye angekimbia nini.

Nikamuuliza kama bima wangenikubali.

"Sijui. Pengine wangekataa. Pengine wangetaka barua ya daktari. Ningewauliza, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini sasa wazazi wameuliza kabla yangu."

Nikamwomba kalamu. Akatazama dirishani, kule hemani, kisha akanyoosha mkono, nami nikampa funguo za gari.

Getini Magokoro alikuwa ananisubiri. Alilichukua kopo langu, akalizungushia kitambaa kilicholowa maji, akaniuliza nimejidunga saa ngapi na kama nimekula. Nikasema sijala. Akanipa ndizi za kuchemsha kwenye jani, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Nimerudi kwenye matofali Suneka. Dawa naiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji. Kitanda nilikiuza. Fomu niliichukua pale mezani, ninayo bado, na jioni moja nilijaza swali la tisa, ndiyo, kwa herufi kubwa, kisha nikabaki nimeishika kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

Nimeapa kwamba nikienda kuomba kazi tena, nitaitaja sukari kabla ya jina langu. Nimeshafanya hivyo mara mbili, kwa mwenye lori mmoja na kwa mwenye duka la mbao. Wote wawili walinishukuru kwa kusema ukweli, wakaandika namba yangu, wakasema watanipigia. Tangu hapo simu siizimi.