Wening na Nguo ya Chini ya Kasha

Wening alizaliwa na mdomo wa biashara. Siku sita kwa wiki alikaa mbele ya simu, katika chumba kimoja cha ghorofani nyumbani kwa bibi yake mjini Solo, akiwauzia rangi za midomo watu asiowaona. "Haya jamani, zimebaki tano! Dada wa Medan, usinikodolee macho, bonyeza!" Saa nne mfululizo, bila kumeza mate.

Jumapili ilikuwa yake. Asubuhi hiyo barabara kuu hufungiwa magari, na vijana hujimwaga. Mwaka ule walikuwa wameshikwa na homa ya nguo za bibi zao: batiki kiunoni, fulana juu, raba nyeupe miguuni, muziki, picha. Wening alikuwa amechoka kupigwa picha na batiki ileile ya maua. Basi bibi yake, Mbah Tukinem, alipotoka kwenda sokoni, mjukuu akafungua kasha lake la nguo.

Chini kabisa, ndani ya karatasi, aliikuta nguo ya michoro ya pembetatu nyeusi na kahawia, kali kama iliyochorwa jana.

"Kumbe bibi mchoyo!" akasema, akajifunga, akatoka.

Mwanzoni mwa barabara, mzee wa baiskeli ya abiria alimwona, akavua kofia.

"Pole sana, binti."

"Nishapoa, babu!" Wening akajibu akicheka, akidhani anataniwa kwa ajili ya jua.

Rafiki yake Galuh alikuwa akimrekodi kwa simu. "Leo umewaka, shoga! Mpaka wazee wanakuvulia kofia."

Wakacheza. Wening alizungusha kiuno, pembetatu zikazunguka naye. Bibi mmoja aliyepita na mkongojo alisimama, akamtazama mguu mpaka kichwa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Majonzi yana mengi," akamwambia mwenzake. "Wengine hulia, wengine huchanganyikiwa."

Njaa ilipowauma walikwenda kwa mama muuza mboga za mchuzi wa karanga. Mama yule alimpakulia Wening sahani ya mlima, akaongeza yai, na akakataa pesa.

"Kula, mwanangu. Jikaze. Ni baba au mama?"

"Baba au mama nani?"

"Aliyefariki."

Wening akaacha kutafuna. "Kwetu hajafa mtu!"

"Sasa mbona umevaa slobog?" Mama akashusha upawa. "Hiyo ni nguo ya msibani, mtoto we! Na wewe unaikatikia viuno barabarani?"

Galuh alicheka mpaka akakaa chini. Wening hakucheka. Alilipa mboga na yai lake, akarudi nyumbani mbiombio, akijaribu kuzificha pembetatu kwa mkoba ambao haukufunika hata robo yazo.

Mbah Tukinem alikuwa mlangoni, kasha wazi nyuma yake.

"Nguo yangu ya jeneza inatoka wapi?"

"Ya... jeneza, Mbah?"

"Nimeitunza miaka kumi na tisa nije nifunikwe nayo. Maana yake ni nafasi pana, marehemu apite njia yake bila kubanwa. Imetoka wapi, nakuuliza."

"Kucheza," Wening akasema, sauti kama ya sisimizi.

Wening alingoja ufagio. Badala yake mabega ya bibi yakaanza kutikisika, kisha bibi akapasuka kwa kicheko mpaka akajishika ubavu. "Yaani sanda yangu imefika dansini kabla yangu! Walau ilipendeza?"

"Nilipewa yai la bure, Mbah, kabla sijalilipia."

"Mjinga wewe. Ivue, uifue kwa mkono. Halafu uje ukae hapa."

Adhabu ilikuwa kasha zima. Bibi alitoa nguo mojamoja: hii ya bibi harusi, hii ya mimba ya miezi saba, hii ya kumbebea mtoto. Wening akikosea jina, anapigwa kofi jepesi la kisogoni na kuanza upya. Jua lilizama hajafika nusu.

Galuh alipousikia mkasa huo aliomba naye aje. Akaja na wenzake wawili, mmoja akiwa amevaa nguo juu chini, na bibi akamgeuza kama mwanasesere. Leo hii kila Jumamosi alasiri vijana kumi na wanne hujibana kwenye baraza ya Mbah Tukinem, na yeye huwasema bila huruma: magoti nje, mikunjo kama matumbo ya mbuzi, mwanamume unajifunga kama mke mwenzangu. Wanaondoka wamenuna, na Jumamosi inayofuata wanarudi.

Wening bado anauza rangi za midomo. Bibi siku hizi hupita nyuma yake makusudi katikati ya biashara, akamwambia mteja wa mbali asinunue nyekundu ile, itamfanya aonekane kama aliyekunywa damu. Ajabu ni kwamba ile nyekundu ndiyo huisha kwanza.