Bafu Lililomvunja Baba

Baba alivunjika kisigino cha kulia Jumamosi moja asubuhi, akiwa na miaka sabini na tatu, kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa avokado ulio nyuma ya nyumba yetu Uthiru. Bafuni alianguka baadaye kidogo.

Nieleze. Miaka miwili kabla ya hapo jirani yetu alianguka kutoka kwenye mti wake akavunjika nyonga. Baba, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alisimama mbele ya waumini kumwombea mchango wa hospitali. Na kwa kuwa hajawahi kushika kipaza sauti akakiachilia mapema, aliongeza kwamba mtu aliyepita miaka sitini akipanda mti anamjaribu Mungu. Watu wakasema amina. Mama alisema amina kwa sauti kuliko wote, na tulipofika nyumbani akamwapisha baba kwamba hatapanda mti tena. Baba akaapa. Tangu siku hiyo alikuwa akipanda mama akiwa ametoka.

Jumamosi ninayoisema mama alikuwa Kinoo, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mimi nilikuwa nimemwahidi mkubwa wangu wa kazi, katika ofisi moja katikati ya jiji, mfuko wa avokado za nyumbani. Sikumwomba baba apande. Nilisema tu, nikiwa karibu naye, kwamba zile nzuri ziko juu. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi, na niliishika vizuri mpaka simu ikalia. Alikuwa mkubwa wangu, akitaka kujua kama zimeiva.

Baba hakupiga kelele. Alitua wima, mguu wa kulia ukitangulia, kisha akakaa chini kwenye nyasi akaanza kukitazama kiatu chake.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Mama yako anarudi saa ngapi?"

Hapo ndipo akili za watu wawili waliosoma zilipokutana. Tulichukua karibu nusu saa kumtoa chini ya mti hadi bafuni, yeye akirukaruka kwa mguu mmoja na kunikaripia kwa kunong'ona. Nikamlaza sakafuni. Akanituma nikaifiche ngazi. Niliporudi nilimwaga kikombe kizima cha maji sakafuni, kwa ajili ya ushahidi. Mama alipoingia alinikuta mlangoni nalia, na kilio hicho hakikuwa cha kuigiza.

Jambo ambalo hatukulipanga ni kwamba mama alikuwa ameliosha bafu lile asubuhi hiyo kabla ya kutoka, kwa sabuni ya unga. Aliyatazama yale maji. Akamtazama baba.

"Ni mimi," akasema. "Sikusuuza vizuri."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli. Baba alifumba macho. Mimi nikaenda kutafuta teksi.

Kwenye kliniki, daktari kijana aliiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Alitueleza kwamba kuna mifupa inayopata ufa tu, na kuna inayokatika pande mbili ikabaki imetulia, lakini kisigino hiki kilikuwa kimepondeka vipande vipande.

"Mzee, hii uliangukaje?"

"Niliteleza bafu."

"Bafu yenu iko na ngazi?"

"Iko na sabuni," mama akasema, na machozi yakaanza.

Daktari aliona haya, akaacha kuuliza. Alimfunga plasta hadi chini ya goti, akampa magongo, akasema asikanyage kwa wiki nane na kwamba mfupa wa mzee hauungi kwa kuharakishwa.

Jumatano wanaume wa kanisa walikuja na drili. Walifunga vyuma vya kushikilia pande zote za bafu, wakatandika mikeka ya mpira, na mmoja wao akapendekeza taa ya pili. Baba aliwaombea kutoka kitandani, maombi marefu, bila kukwama popote. Kufikia mwisho wa juma tulikuwa na bafu salama kuliko yote Uthiru, na mama hakuwa akiingia humo. Aliogea kwenye karai chumbani. Sakafu ile hakuigusa tena kwa sabuni, na ukungu ukaanza kwenye kona.

Alimchemshia baba supu ya miguu ya ng'ombe asubuhi na jioni, akasimama hapo mpaka bakuli liishe. Kila mgeni alipewa chai na maneno yale yale: "Ni mimi nilimvunja." Wageni walimwambia asijilaumu, kwa sauti ya watu waliokwisha kumlaumu. Aliacha kwenda kwaya. Nguo zikaanza kumpwaya. Nilikuwa nikimwona akimpepea baba supu na nikajichukia, halafu nikaenda kazini. Avokado hizo mkubwa wangu alizipenda sana.

"Baba, tumwambie," nilimsihi.

"Plasta itoke kwanza."

Mgongo wake ulikuwa umeanza kumuuma tangu siku ya pili. Tulililaumu godoro, na mama akaligeuza. Wiki ya tatu, siku tuliyokuwa tunampeleka kwa daktari wa mifupa mjini kuangaliwa kisigino, baba alinivuta sikio karibu akaniambia kwamba mguu wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unakufa ganzi tangu Jumapili. Akanikataza kusema. Mgongo ungeleta maswali.

Daktari wa mjini alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Ulianguka kutoka wapi, mzee?"

Mama alimjibu kabla yake. "Ni mimi, daktari. Niliosha bafu."

"Nimesikia, mama. Lakini nauliza kwa sababu moja. Mtu akivunja kisigino hivi akiwa ametoka juu, mara nyingi mgongo pia umeumia, na lazima niuangalie leo. Kama ni kuteleza tu, nitawarudisha nyumbani. Alitoka juu ama alikuwa chini?"

Baba alikuwa anaangalia plasta yake. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, tayari kuomba msamaha tena.

"Alitoka juu," nikasema. "Mti wa avokado. Na mguu wa kushoto unakufa ganzi."

Picha ya mgongo ilionyesha pingili moja ya chini imebonyea, na kipande chake kinaminya neva. Daktari alisema mwezi mwingine wa ukimya na huenda baba asingesimama tena. Kisha akauliza ni nani aliyemhamisha baada ya kuanguka.

"Ni mimi."

"Kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka kwenye mti hadi bafuni."

Alivua miwani. "Kwa nini bafuni?"



Baba alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na leo anatembea kwa mkongojo. Kisigino kimeunga kikiwa kipana kuliko mwenzake, kwa hivyo kiatu cha kulia huvaliwa bila kufungwa kamba. Kanisani alisimama mwenyewe akaeleza habari za mti, na safari hiyo alirudisha kipaza sauti upesi.

Lakini siku ile alilazwa, na mimi na mama tukarudi Uthiru peke yetu. Tulipofika langoni ndipo akaniuliza, bila kunitazama.

"Na yale maji? Nani aliyamwaga?"

"Ni mimi, mama."

Aliingia ndani, akaweka mkoba mezani, akachukua ndoo, brashi na sabuni ya unga. Alitoa mikeka yote ya wanaume wa kanisa akaitupa koridoni. Kisha akapiga magoti akaanza kusugua sakafu, kona kwa kona, akilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo. Nilivua viatu nikasogea mlangoni nimsaidie.

"Baki hapo hapo," akasema. "Kunateleza."