Tumechelewa, Mmechelewa

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye sauti ya dalali wa samaki wa soko la Feri. Kwenye kikao cha asubuhi, wodi ya wazazi, alitufokea sisi madaktari mpaka wagonjwa wa kwenye korido wakatuonea huruma. Ila akikuta kosa, la daktari yeyote yule, alisema, "Tumechelewa. Tumekosea." Hata kama siku ya kosa yeye alikuwa Moshi msibani.

Alipostaafu tukaletewa mwingine, mpole, mtaratibu. Tukasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alitununulia feni na birika la chai, akawa anauliza hali za watoto wetu. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Kosa likitokea alisema, "Mmechelewa. Mmekosea." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Haikupita miezi mingi nikawa nafika getini asubuhi na kubaki nimekaa kwenye bajaji, dereva akiniuliza kama nimesahau kitu nyumbani. Kliniki moja ya Upanga ikanipa nafasi. Niliomba wiki nzima ya kufikiri, maana ile wodi nilikuwa naipenda.

Wiki hiyohiyo mke wa muuza vitenge wa Kariakoo alijifungua kwetu, damu ikawa haikatiki. Damu ya kundi lake haikuwepo. Ikafuatwa hospitali nyingine, ikakwama kwenye foleni ya magari. Tuliokoa maisha yake, kizazi hatukukiokoa. Mumewe akaja mlangoni kuuliza kulikoni, nami nilikuwa bado na nguo za upasuaji. Kabla sijafungua mdomo bosi akatoka ofisini, akamshika bega.

"Pole sana, ndugu yangu," akamwambia kwa ile sauti yake nzuri. "Madaktari walichelewa. Nitawafuatilia."

Walichelewa, na mimi nimesimama palepale. Yule mwanaume akageuka kunitazama. Iliniuma kuliko siku zote nilizofokewa na yule mama.

Kesho yake nikampelekea bosi barua ya kuacha kazi. Aliisoma yote, akavua miwani. Alihuzunika kweli, sikatai.

"Kwa hiyo, dokta, unatuacha?"

"Wenzangu nawaacha kwa uchungu, bosi," nikamjibu. "Wewe nakuacha tu."