Bashi Juu ya Tangi

Siku za kwanza za matanga ya mume wangu mvua haikupumzika. Watu walijaa uani, wengine wamekalia matofali ya jirani, na pikipiki yake, moto kama tunavyosema Bunia, ilibaki nje ikilowa kwa sababu ndani kulijaa wageni. Mama mkwe wangu ndiye aliyeihurumia. Alichukua kipande cha bashi, turubai nyeupe wanayogawiwa kambini watu waliokimbia vita Djugu kama yeye, akakikunja, akafunika kifuniko cha tangi la mafuta, akazungusha kamba ya mpira wa tairi na kuikaza kwa meno. Kwao, kitu cha marehemu hakiachwi wazi mpaka matanga yatolewe. Nilimtazama akikaza nikawaza, angalau mmoja hapa anafanya kazi. Wengine walikuwa wanakula.

Moto yenyewe ni ya zamani. Hata mwenyewe alipokuwa hai, asubuhi za baridi ilikuwa na maringo: uivute choki, uilaze kidogo upande wa kabureta, upige kiki mpaka goti likuume. Lakini ikiwaka, imewaka. Siku aliyokwenda kuangalia shamba la baba yake huko Djugu hakuichukua. Alisema barabara ile si ya mtu anayependa moto yake. Akapanda lori. Moto ilibaki, yeye akarudishwa na watu wengine, amefunikwa.

Baada ya mazishi wanaume wa ukoo walikaa. Kaka yake mkubwa, ninayemwita semeki, alitaka moto siku hiyo hiyo. Muzee wao, baba yao mdogo, ndiye aliyekata neno: "Kama moto inatembea mpaka siku ya kutoa matanga, itabaki kwa mama ya mutoto, imulishe mutoto. Kama imekufa, semeki yake atachukua, auzishe vyuma." Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa hatua chache pale, nanyonyesha, na hakuna aliyegeuza shingo kuniuliza chochote.

Mimi nauza samaki. Mume wangu alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, watu wakicheka, na tangu hapo nilikuwa nashuka mwenyewe Kasenyi ziwani asubuhi na kupanda na samaki kabla jua halijawaharibu. Bila moto, nangoja lori la matajiri sokoni, nauziwa mabaki yaliyolegea macho, na mtoto wangu anakula mabaki ya mabaki. Kwa hiyo nilikuwa najua ninachopigania. Sikuwa napigania kumbukumbu.

Matanga hayajaisha, nikarudi kazini. Moto iliwaka kwa shida, ikaenda mpaka nje ya mji, ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki mpaka nikatoa jasho la mgongoni ambako mtoto amelala. Hakuna. Nikaisukuma mpaka kwa fundi.

Fundi alifungua bashi, akafungua tangi, akachungulia. "Mafuta iko." Akatoa buji, ile plagi ya cheche, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Akafunga tangi, akarudisha bashi kwa adabu, kwa sababu nilimwambia ni ya matanga. Kiki moja, ikawaka. "Ilikuwa buji, mama." Nilifika karibu na soko, ikazima.

Fundi wa pili alifanya vilevile. Alifungua bashi, akafungua tangi, akanusa. "Weye unanunua mafuta ya chupa kwa makadafi wa barabarani, wanachanganya na maji." Akashusha kabureta, akaimwaga, akaipuliza kwa mdomo. Maji hayakuwemo. Akafunga. Ikawaka. Ikazima nikiwa sijafika hata kwangu. Nilipomrudia alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema moto fulani hazipendi kuendeshwa na mwanamke. Kijiweni wakacheka. Mmoja wa wamotari, waendesha moto za abiria, akaongeza: "Iko nalilia bwana yake. Umuombee misa."

Semeki alianza kupita kwangu kila jioni kuuliza habari ya mgonjwa. Mgonjwa ni moto. Mtoto alikuwa na homa juma lile, na hakumuuliza.

Kilichoniudhi zaidi ni hiki: nikiweka mafuta kidogo, ilikwenda mbali. Nikijaza tangi, inakufa haraka. Niliwaambia mafundi wote wawili. Wa kwanza alisema nimechanganyikiwa na kilio. Wa pili alisema basi usijaze. Nimemaliza shule ya sekondari, nimeketi darasa la fizikia mpaka mwaka wa mwisho, na mtu mzima ananipa jibu kama hilo huku ameshika kabureta yangu.

Nilikuwa jikoni, namimina mafuta ya mawese kutoka kwenye bidoni, dumu la plastiki. Bidoni lilikuwa limejaa, na mafuta yalitoka kwa kukwama, blup, yanasimama, blup, yanasimama. Kila mama anajua dawa yake: tunatoboa katundu karibu na mkono wa bidoni, hewa iingie, mafuta yatiririke. Nilishika kisu, nikatoboa. Mawese yakashuka kama kamba. Nikasimama pale nimeshika kisu, chungu kinaungua.

Nikatoka nje. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikauelekeza kwenye chupa, nikafungua robine, koki ya tangi. Mafuta yalitoka vizuri, yakapungua, yakawa matone, yakakauka. Na tangi limejaa. Kisha nikalegeza bashi, sikugusa kifuniko chenyewe, bashi tu. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeachiwa shingo. Mafuta yakatiririka tena. Kifuniko kile kina katundu kake ka hewa, kembamba, na mama mkwe alikuwa amekaziba vizuri kwa huruma yake yote. Kila fundi aliyefungua tangi alikuwa anaingiza hewa bila kujua, moto inawaka, anajisifu kwa buji, halafu anairudishia kitanzi.

Sikufurahi. Nililia kwa hasira, mtoto akalia kwa kuniona.

Siku ya kutoa matanga nilijaza tangi, nikakunja bashi na kamba yake ndani ya mfuko, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka mji mzima mpaka kwa muzee. Haikukohoa hata mara moja. Niliingia nayo uani inanguruma, ili wasikie.

Semeki aliizunguka. "Kumbe imepona," akasema. "Basi moto muzima haiwezi kubaki kwa mwanamke. Kesho ataolewa, moto itaenda kulisha bwana mwingine."

Nilimwangalia muzee. Muzee aliangalia kikombe chake.

"Mulisema ikitembea inabaki," nikasema. "Imetembea."

"Tulisema," muzee akajibu. "Sasa tunasema ingine."

Mama mkwe yeye alikuwa anaangalia tangi. "Bashi iko wapi? Matanga haiyatoka, weye umeifunua?"

Nikaitoa mfukoni. "Mama, hii bashi inaziba hewa. Ndiyo ilikuwa inazima moto. Mukiifunga itazima tena."

Semeki akageukia watu. "Munasikia? Mama alifunga kwa heshima, huyu anasema mama ndiye anaua moto ya mutoto wake." Watu wakaguna. Mama mkwe akaniangalia kama nimemtemea mate. Semeki akachukua bashi mkononi mwangu, akafunika kifuniko, akakaza mpira kwa meno, kama mama yake.

Nilikuwa nimesema. Sikuona sababu ya kusema mara mbili.

Akaondoka nayo. Uani wakaanza kuimba. Mimi nilimkaza mtoto mgongoni nikafuata barabara kwa miguu, bila haraka. Nilimkuta semeki chini ya mteremko wa kwenda sokoni, shati limemshika mgongoni, anapiga kiki, wamotari wamemzunguka.

"Kaka, shuka uisukume, itakuonea huruma."

"Mupe maji ya kunywa. Siyo moto, yeye."

Nilipita katikati yao. Nikafungua kamba ya mpira, nikatoa bashi, nikasikia tangi linavuta pumzi. Nikamwambia semeki, "Sogea." Akasogea. Kiki ya pili ikawaka.

"Dada, iko na dawa gani?" mmotari mmoja akaniuliza.

"Hewa," nikasema.

Wakacheka. Walidhani nawaficha. Nikapanda, nikaondoka nayo.

Semeki alirudi uani kwa miguu na habari yake mwenyewe: marehemu amekaa ndani ya tangi, anamkubali mke wake tu. Waliiamini wote, hata muzee. Tangu siku ile hakuna anayeigusa moto yangu, mama mkwe akipita anaizunguka kwa mbali, na watoto wa ukoo wamekatazwa kuipanda. Moto imebaki, mtoto anakula. Nilipowaambia ni hewa, niliwatukana. Walipoambiwa ni maiti, wakaheshimu.

Bashi nafunikia samaki nikipanda kutoka Kasenyi. Inafaa sana kwa jua.